Bibo moja, stopu tatu

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mikindani. Nimepata kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ya mbao, yenye lenzi ya milimita 150. Nataka kupiga bibo na korosho yake kwa karibu, likae kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi. Natumia filamu ya Ilford FP4 Plus, ya nyeusi na nyeupe. Kipima mwanga kinaniambia sekunde 4 kwenye f/32, nami nafuata. Nimeshasafisha vipande nane. Saba vimetoka vyepesi kama maji, huoni kitu. Kimoja tu kina picha, kile ambacho kuku aliingia ndani, nikamfukuza, nikasahau kufunga lenzi. Na hata hicho, ncha ya korosho tu ndiyo kali, bibo lote limefifia. Nikisogeza lenzi kurekebisha ukali, hakuna kinachobadilika. Rafiki yangu anasema tatizo ni lenzi, ninunue ya makro, ile ya kupigia vitu kwa karibu. Ninunue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue lenzi. Fedha hiyo nunua filamu, na ukipita sokoni chukua futi ya fundi cherehani, maana futi ndiyo inayokosekana kwenye begi lako.

Nianze na vile vipande saba. Kipima mwanga chako hakikukudanganya. Kilipima mwanga unaoangukia bibo na kikasema kweli. Kisichoweza kujua ni safari ya mwanga huo ndani ya kamera yako ukishapita kwenye lenzi. Usiku washa tochi, isogeze karibu na ukuta: utaona duara dogo linalong'aa sana. Rudi nyuma mpaka umbali uwe mara mbili. Duara limekuwa pana mara mbili na refu mara mbili, na mwanga uleule sasa unagawanywa kwenye eneo la mara nne. Tochi haijapungua nguvu, ukuta ndio unaopata kidogo.

Kamera yako inafanya hivyohivyo. Unapopiga zile nyumba za mawe za Mikindani ukiwa ng'ambo ya barabara, lenzi ya milimita 150 inakaa sentimita 15 hivi kutoka kwenye filamu. Namba za tundu la kupitishia mwanga ulizoziona kwenye pete ya lenzi, 8, 11, 16, 22, 32 (namba ikikua, tundu linapungua), zimeandikwa kwa umbali huo. Lakini ili bibo likae kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, huna budi kuuvuta mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, mpaka lenzi iwe sentimita 30 kutoka kwenye filamu. Umeongeza umbali mara mbili, kwa hiyo filamu inapata robo ya mwanga. Namba kwenye pete bado inasoma f/32, lakini filamu inapata mwanga wa f/64. Wenye kamera za kisasa hawalijui jambo hili kwa sababu kamera zao hupima mwanga ukiwa umeshapita kwenye lenzi. Wewe unapima ukiwa nje, kwa hiyo hesabu ni yako.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa lenzi ya 150 kariri namba tatu: 15, 21, 30. Weka futi kwenye ubao wa lenzi, ivute mpaka kwenye kioo cha ukungu, kile cha nyuma unachotazamia picha. Ikisoma sentimita 15, usiongeze kitu. Ikisoma 21, ongeza stopu moja, yaani muda mara mbili. Ikisoma 30, ongeza stopu mbili, muda mara nne. Ikiangukia katikati, gawa umbali huo kwa 15, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe, na hicho ndicho cha kuzidishia muda. Mfano, sentimita 22 na nusu kwa 15 ni moja na nusu. Moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25.

Ipo na njia ya pili, ambayo mimi huitumia kuhakiki ya kwanza. Laza rula pale bibo lilipo, ingia chini ya kitambaa cheusi cha kujifunika, utazame inaonekana kiasi gani kwenye upande mrefu wa kioo. Upande huo una sentimita 12 hivi za picha. Ukiona sentimita 12 za rula, uko kwenye ukubwa halisi. Ukiona 24, uko kwenye nusu. Njia mbili zikikubaliana, fungua lenzi kwa moyo mkunjufu. Zikikataana, pima tena, maana kipande cha filamu kikishapotea hakirudi.

Sasa, sekunde zako 4 mara nne ni 16. Ungedhani tumemaliza. Bado, na hapa ndipo wengi wanaponaswa hata baada ya kujifunza habari ya mvukuto.

Filamu huchoka. Mwanga ukiwa mwingi na muda mfupi, kuongeza muda mara mbili ni sawa na kuongeza mwanga mara mbili. Muda ukishazidi sekunde moja hivi, uwiano huo unavunjika: filamu inaupokea mwanga hafifu kwa uzito, na kila sekunde inayoongezeka inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Ilford wenyewe wametoa kanuni yake. Kwa FP4 Plus, muda uliopimwa unapandishwa kwa kipeo cha 1.26. Kikokotoo cha simu kinaweza kazi hiyo, lakini mimi nimeandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha sanduku la kamera: sekunde 2 ziwe 2 na nusu, 4 ziwe 6, 8 ziwe 14, 16 ziwe 33, 30 ziwe 73, na dakika moja iwe karibu dakika tatu. Namba hizo ni za filamu hiyo tu. Ukibadilisha filamu, badilisha na karatasi. Fomapan 100, kwa mfano, ambayo wengi huipenda kwa bei yake, huchoka mapema zaidi: sekunde 10 zake zinataka 80.

Basi sekunde zako 16 ni 33. Wewe ulitoa 4. Ulikuwa na upungufu wa mara nane, stopu tatu kamili, na ndiyo maana vipande saba vimetoka kama maji. Kumfukuza kuku mpaka nje ya mlango na kurudi huchukua nusu dakika hivi. Kuku wako alikupa muda ambao ungepaswa kuutoa mwenyewe.

Angalia sana mpangilio: mvukuto kwanza, uchovu wa filamu baadaye. Ukigeuza, ukachukua 4 ukaifanya 6 kisha ukazidisha kwa nne, utapata 24 badala ya 33, na kivuli chini ya korosho kitakosa maelezo. Nasema hili kwa uchungu. Miaka iliyopita mfanyabiashara mmoja aliniletea hapa Lindi kinyago cha mpingo, ule mnara wa watu waliobebana mabegani, akitaka picha kabla kinyago hakijasafiri. Kilikaa kwangu siku moja. Nilipiga vipande kumi na viwili, hesabu nikaifanya kinyumenyume kwa vyote. Niliposafisha usiku, sura za watu wa juu, walioangukiwa na mwanga wa dirisha, zilikuwepo. Wale wa chini, waliobeba wenzao, hawakuwepo, filamu tupu kama maji. Asubuhi kinyago kilikuwa kimeshapakiwa. Hadi leo nikiona mpingo uliochongwa vizuri nawakumbuka wale watu wa chini.

Tuje kwenye ukali. Umesema ukisogeza lenzi hakuna kinachobadilika. Umeona vizuri, na wala kamera yako si mbovu. Kwenye ukubwa halisi, bibo liko sentimita 30 mbele ya lenzi na filamu iko sentimita 30 nyuma yake. Jumla sentimita 60. Ukisukuma lenzi mbele, unaikaribia korosho lakini wakati huohuo unaikimbia filamu, na hayo mawili yanafutana. Picha inakua na kupungua, ukali hausogei. Mtu anaweza kuhangaika hivyo mpaka jioni.

Kwa hiyo usirekebishe kwa lenzi. Amua kwanza unataka ukubwa gani, vuta mvukuto kwa futi, kaza skrubu za mbele, kisha usiziguse tena. Halafu sogeza bibo lenyewe. Mimi nina ubao wa upana wa sinia, unaoteleza juu ya vipande viwili vya mbao vilivyopakwa sabuni ya mche. Kitu nakiweka juu ya ubao, mkono mmoja uko nje ya kitambaa unasukuma taratibu, jicho liko ndani kwenye lenzi ya kukuzia. Kama kamera yako inaruhusu fremu ya nyuma kusogea, itumie hiyo kwa marekebisho ya mwisho. Fremu ya mbele iache.

Kitambaa nacho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwenye umbali huu kioo cha ukungu ni cheusi. Lenzi inayofunguka f/5.6 inakuletea mwanga wa f/11 tu. Kaniki ndiyo bora kwetu, inapatikana kila duka, lakini moja haitoshi, mwanga wa mchana unapenya. Shona mbili pamoja, na upande wa nje weka shuka jeupe lirudishe jua, vinginevyo utatokwa jasho mpaka lidondoke kwenye kioo. Ukiingia, subiri dakika mbili tatu macho yazoee giza ndipo uanze kutafuta ukali. Ukiona bado hafifu, mulika korosho kwa tochi ya simu wakati wa kurekebisha, kisha uizime kabla ya kupiga.

Sasa lile bibo lililofifia. Hapa nitakuambia jambo ambalo pengine hukulitaka: achana na ukubwa halisi.

Kwenye f/32 na ukubwa halisi, kwa kipimo cha kawaida cha filamu ya inchi 4 kwa 5, una milimita 13 tu za ukali kutoka mbele mpaka nyuma. Korosho yenyewe inakaribia kuzimaliza. Bibo la mviringo lina unene wa sentimita tano hivi, na hata ukihesabu nusu inayoonekana tu, pamoja na korosho inayoning'inia mbele, milimita 13 haziwezi kulifunika. Lakini ukirudi kwenye nusu ya ukubwa halisi, kwa f/32 ileile, unapata milimita 38. Kwenye robo unapata karibu sentimita 13. Tazama jinsi namba zinavyoruka: umepunguza ukubwa mara mbili, ukali umeongezeka karibu mara tatu.

Utasema bibo litakuwa dogo. Bibo la sentimita 8 litakuwa na sentimita 4 kwenye filamu. Hizo bado ni ndefu kuliko fremu nzima ya filamu ya milimita 35, ambayo ni milimita 24 kwa 36. Na hiyo ndiyo sababu ya kubeba sanduku zito namna hii: nafasi iliyobaki kuzunguka bibo si hasara. Ndimo kivuli kinamolala, ndimo mkeka unamoonekana nyuzi zake. Mvukuto utakuwa sentimita 22 na nusu, sekunde 4 zitakuwa 9, na uchovu wa filamu utazifanya 16. Umeokoa nusu ya muda pia.

Usijaribu kuununua ukali kwa kuziba tundu zaidi. Najua lenzi yako huenda inafika f/45 au f/64, na kishawishi ni kikubwa. Lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na kinachotawanyika ni kulingana na tundu la kweli, si la kwenye pete. F/32 kwenye ukubwa halisi ni f/64 tayari. Ukiziba zaidi, sehemu zilizofifia zitapata nafuu kidogo, na ile iliyokuwa kali italainika, mwisho picha nzima inakuwa ya wastani. Mimi naishia f/32, na mara nyingi f/22 inanitosha.

Na wapi uweke ukali? Wapo watakaokufundisha kwamba theluthi moja ya ukali iko mbele na theluthi mbili nyuma. Hiyo ni kwa mandhari. Karibu hivi, ukali unagawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo usiulenge kwenye ncha ya korosho kama ulivyofanya. Nusu nzima ya ukali wako ilipotea hewani mbele ya korosho, mahali ambapo hakuna kitu. Lenga pale korosho inaposhikana na bibo, kwenye kile kishingo. Ncha itaingia, na uso wa bibo utaingia.

Kuna kuinamisha lenzi, ambako kamera yako inakuweza na ambako watu wengi huziheshimu kamera hizi kwa ajili yake. Kanuni inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, Mwaustria aliyeiandikisha Uingereza mwaka 1904 katika kazi yake ya kunyoosha picha za angani kwa ajili ya ramani. Inasema hivi: bapa (uso ulionyooka kama ubao) la filamu, bapa la lenzi na bapa la kitu unachotaka kiwe kali, yakirefushwa yote matatu, yakutane kwenye mstari mmoja. Ukiinamisha lenzi mbele kidogo, bapa la ukali nalo linalala, kama mtu aliyekuwa amesimama akajilaza mkekani.

Lakini angalia neno lenyewe: bapa. Linafaa kwa vitu vilivyolala. Chukua ming'oko, vile viazi vya porini, ipange kwenye ungo, kamera ikitazama chini kwa mshazari. Bila kuinamisha, utapata mng'oko mmoja mkali na wengine ukungu mbele na nyuma. Rekebisha ukali kwenye mng'oko wa mbali, kisha inamisha lenzi polepole mpaka wa karibu uwe mkali, rudi wa mbali maana utakuwa umehama kidogo, kisha wa karibu tena. Mara tatu nne, ungo mzima umekaa sawa, hata kwa f/22. Hiyo ni furaha ambayo siwezi kukueleza, lazima uione mwenyewe chini ya kaniki, picha ikiwa kichwa chini miguu juu, inazinduka yote kwa pamoja. Simbi zilizopangwa mstari, vipande vya vyungu, jani la mkorosho lenye mishipa yake, vyote ni vya namna hiyo. Bibo si la namna hiyo. Bibo ni mviringo. Ukililazia bapa la ukali utaukata mwili wake mshazari, na macho ya mtazamaji yatasumbuka bila kujua kwa nini. Kwa bibo lililosimama acha lenzi wima. Inamisha nyuzi chache tu kama korosho imechomoza sana kuja mbele. Na fremu ya nyuma usiiinamishe kabla hujaelewa ya mbele, kwa sababu ya nyuma inabadilisha ukali pamoja na umbo, na bibo lako litageuka peasi.

Unapofikiria mwanga, nikukumbushe mtu mmoja. Mwaka 1930, kule California, Marekani, Edward Weston alihangaika na pilipili hoho kwa siku kadhaa kwa kamera kubwa ya inchi 8 kwa 10. Alipoiingiza ndani ya faneli ya bati, kila kitu kilijipanga. Bati lililopinda lilirudisha mwanga laini kutoka pande zote, likaifanya pilipili ionekane kama mwili wa mtu aliyejikunja. Faneli ya bati, kama ile ya kumiminia mafuta ya taa. Nawatajia wanafunzi wangu habari hii kila wanapoanza kuniuliza bei za taa za studio. Wewe una dirisha, una ukuta uliopakwa chokaa, una sinia la alumini, una khanga nyeupe. Weka bibo mita moja hivi kutoka dirishani, dirisha likiwa ubavuni, si mgongoni mwako. Upande wa pili simamisha kitu cheupe, ukisogeze na kukiondoa huku ukitazama kivuli. Jua la moja kwa moja liache, ngozi ya bibo inang'aa na kila nukta ya jua itakuwa shimo jeupe kwenye picha. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri ndizo ninazozipenda mimi, dirisha likiwa limepeana mgongo na jua.

Kuhusu rangi: filamu yako inaona rangi zote lakini inazigeuza kijivu, na bibo jekundu linaweza kutoka kijivu kilekile cha korosho, vikashikamana usijue kimoja kinaishia wapi. Chagua bibo la njano, litatoka jeupe na korosho itasimama mbele yake yenyewe. Ukitaka jekundu, chujio la kijani litalitia giza, na bila shaka utaongeza muda wa chujio kabla ya hesabu nyingine zote.

Kipima mwanga kitumie kwenye kadi ya kijivu, au kwenye kiganja chako kisha uongeze stopu moja, kwa sababu kiganja kinang'aa zaidi ya kadi kwa kiasi hicho. Usikielekeze kwenye kitu chenyewe kama ni cheusi. Siku utakapopiga mpingo, kipima mwanga kitaona weusi na kudhani ni upungufu wa mwanga, kitakuongezea muda, na mpingo utatoka kama mbao iliyokaa mvuani. Halafu mpingo hauangaziwi, unaakisi. Weka shuka jeupe pana mahali ambapo uso wake ulioparwa unaweza kuliona, na michongo itajitokeza yenyewe.

Kuhusu kutikisika, zima pangaboi, funga mlango (na kuku pia abaki nje), weka kamera kwenye sakafu ya saruji, usisimame karibu. Fungua lenzi kwa waya wa kufyatulia, shata ikiwa kwenye B au T, zile alama za kuiacha wazi kwa muda utakao. Bora zaidi, ziba lenzi kwa kipande cha boksi jeusi, fungua shata, subiri kamera itulie, ondoa boksi, hesabu sekunde zako 16 kwa saa, rudisha boksi, kisha funga shata. Kwa muda mrefu namna hii hakuna mkono unaoweza kukosea sana.

Bibo halingoji. Liokote alfajiri, lipigwe siku hiyohiyo, na panga kila kitu kwa bibo la mazoezi kabla ya kuleta lile zuri. Maji yake yakigusa kaniki au khanga hayatoki tena. Na korosho ikiwa mbichi usiipasue kwa meno wala kucha ili kuonyesha ndani, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, na mkono wenye malengelenge haupakii filamu.

Filamu pakia usiku, jasho limepungua. Alama za pembeni ziwe kona ya juu kulia ukiwa umekishika kipande wima, upande wa dawa ukikutazama. Kwa kusafisha, joto letu ni adui anayejulikana. Maji ya bomba yakifika na nyuzi 27 au 28, kuyashusha mpaka 20 ni kazi ya barafu nyingi na hayatakaa hapo. Yashushe mpaka 24, kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya beseni la nje, na dawa zote pamoja na maji ya kusuuzia ziwe kwenye joto hilohilo. FP4 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa 24 mimi huipa saba na nusu. Filamu ambayo hujaitumia ikae kwenye friji, imefungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uitoe saa mbili tatu kabla ya kuufungua mfuko, isije ikatoka jasho. Lenzi nayo iwekee pakiti za chumvichumvi za kukausha unyevu, zile zinazokuja kwenye viatu vipya. Pwani yetu hii kuvu hawachagui lenzi ya bei.

Nirudi kwenye makro. Lenzi yako ya 150 ilisanifiwa kwa vitu vya mbali, ni kweli, na kwenye ukubwa halisi pembe za picha zitalegea kidogo. Kwenye nusu, kwa f/22 au f/32, sijawahi kuona tofauti ambayo mtu angeitambua ukutani. Siku utakapotaka kupiga ua la mkorosho mara mbili ya ukubwa wake, njoo tuzungumze tena, na hata siku hiyo nitakuelekeza kwanza kwenye G-Claron iliyotumika, lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kunakili maandishi, kabla ya kitu kipya chochote.

Vile vipande saba vitumie kujifunzia kupakia kwenye kasha ukiwa umefumba macho. Kile cha kuku kioshe tena kwa maji safi, kikauke, ukichapishe. Ncha ya korosho ikiwa kali na bibo likiwa limeyeyuka nyuma yake, huenda kina uzuri wake. Nitumie nikione.